Nguruwe wa Chuma Katika Kontena la Ramadhani

Vijana wa ofisini wameniomba niandike machache kabla sijasahau, kana kwamba kustaafu ni ugonjwa wa kichwa. Wanataka mambo ya kuwafaa: namna ya kupanga mzigo, namna ya kumtambua mwenye kiwanda mkweli, namna ya kusema hapana kwa Kichina bila kuvunja urafiki. Wengi wanaamini nilianza na mikoba ya viwanda vya Shiling, kule kwenye mji wa ngozi, kwa kuwa ndiyo niliyohangaika nayo mpaka siku ya mwisho. Mikoba ilikuja baadaye. Mzigo wa kwanza niliousimamia mwenyewe Guangzhou, tangu kuchorwa kwa chaki mpaka kufungiwa kontena, ulikuwa nguruwe.

Walikuwa nguruwe wa chuma. Naliweka wazi mapema, kabla habari haijafika kwetu Tanga.

Nilifika mwishoni mwa miaka ya tisini nikitokea Dubai, ambako nilikuwa nikiwanunulia watu vipuri vya magari. Waswahili tulikuwa wachache, tunajuana kwa majina na kwa hoteli. Bandari ya Nansha mnayoiendea na gari la ofisi lenye kiyoyozi haikuwapo. Mizigo yetu ilipitia Huangpu au Hong Kong. Pazhou, mnakokwenda kwenye maonyesho ya biashara, ilikuwa mashamba na matope, na maonyesho yenyewe yalifanyika mjini. Ukitaka kuongea na nyumbani ulikwenda mapokezi hotelini, ukamwomba binti akutumie faksi, naye akaisoma kwanza yote ingawa hajui hata neno moja la Kiswahili.

Aliyenichukua kazini ni Bwana Hemedi, mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa hata kwenye karakana ya mafuta machafu. Kazi yake ilikuwa kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wadogo, ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kujaza kontena peke yake, na kuipakia pamoja. Kontena la kuchangia ni nyumba ya kupanga. Mmoja ana redio, mwingine ana mabomba ya maji, wa tatu ana vitambaa, na wote wanamgombeza mwenye nyumba. Letu lilikwenda Mombasa, likafunguliwa na ndugu yake Hemedi, na watu wa Unguja na Dar wakachukua vyao kwa njia wanazozijua wenyewe.

Siku ya kwanza Hemedi alinikabidhi vifaa vyangu: tepe ya kupimia, sumaku na boksi la chaki. Sumaku ni ya mabomba yanayoitwa ya shaba. Likinasa, si shaba. Chaki ndiyo iliyonilisha miaka yote. Fundi wa hapa hasomi Kiswahili, nawe husomi Kichina, lakini wote wawili mnasoma mchoro sakafuni. Siku hizi naona mnatumiana picha kwa simu, halafu mnashangaa mbona kikapu kimekuja na mpini mmoja.

Sikuwa nimezoea hata kuvuka barabara za mji ule, Hemedi alipopata safari ya kwenda kumwoza binti yake. Aliniita, akanitazama kama mtu anayekagua bidhaa asiyoiamini.

"Saumu, hili ni kontena la Ramadhani. Lifike kwa wakati wake, na mteja wangu hata mmoja asibaki na kinyongo. Mambo yakienda hivyo, utabaki na mimi. Yakivurugika, tiketi ya kukurudisha kwenu nitakukatia mwenyewe, tena kwa heshima."

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeachika, na Tanga palikuwa na chumba kimoja tu kinachonisubiri, kwa kaka yangu, ambaye mkewe alikuwa na kawaida ya kunihesabia sukari. Nikamwambia Hemedi aende harusini kwa amani. Yeye akaenda, mimi nikakosa usingizi.

Mteja wa mwisho kuingia katika kontena lile alikuwa Mwalimu Wanjohi kutoka Nairobi. Alikuwa mwalimu wa sekondari ambaye likizo zote alikuwa safarini kutafuta viatu vya michezo vya kuuza. Viatu vilikuwa riziki yake, lakini roho yake ilikuwa kwenye klabu ndogo aliyoianzisha nje ya mji, ambako watu walijifunza kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Alikuja ghalani na karatasi iliyokunjwa mpaka imechoka.

"Mama, shida yetu ni kutembea," alisema. "Ukipiga karatasi, lazima uende uangalie kama umegonga. Unarudi, unapiga, unaenda tena. Hiyo si kulenga, hiyo ni kufanya zoezi."

Walikuwa wamejaribu kila kitu kilichopatikana jikoni na jalalani. Walipanga makopo ya maziwa juu ya ukuta. Upepo ukayaangusha zaidi ya risasi. Wakatia mchanga ndani yake. Hayakuanguka tena mpaka leo. Wakaning'iniza visoda kwa uzi, na uzi ukasokotana na uzi. Mtu mmoja alileta vifuniko vya masufuria, vikalia vizuri sana, mpaka mkewe alipokuja kuvidai.

"Nataka kitu ikigongwa inaanguka, ikikoswa inakaa," alisema Mwalimu. "Mtu avute kamba, zote zisimame tena. Hakuna maneno mingi."

Kwenye karatasi yake kulikuwa na wanyama wanne waliochorwa kwa ubavu: kuku, nguruwe, batamzinga na kondoo. Nilimuuliza kama nguruwe hawezi kuwa mbuzi. Aliniangalia kwa huruma ya mwalimu. Hao ndio wanyama wa mchezo ule duniani kote, akasema, na mtu haanzi tu kubadilisha kanuni kwa sababu yuko China. Alilipia viatu vyake, akaniachia karatasi, akarudi Nairobi kufungua shule.

Nilimpelekea kazi fundi Liang, aliyekuwa na karakana katika vichochoro vya nyuma ya mtaa wa Sanyuanli. Alitengeneza fremu za madirisha na meza za vioski, na alikuwa na sifa moja adimu: akisema kesho, kweli ilikuwa kesho. Nilichora sakafuni kuku, nguruwe, batamzinga na kondoo. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha, kila mnyama akamtaja kwa jina la kwao. Tatizo lilianza nilipotaka kumweleza kazi yao. Neno la bunduki sikulijua. Nikakunja vidole, nikafumba jicho moja, nikamlenga kuku, nikasema "pa".

Mke wa Liang aliacha bakuli lake la wali, akainuka na kushusha mlango wa chuma mpaka chini.

Mkumbuke tuko nchi gani. Mtu wa kawaida hana bunduki wala haongei habari za bunduki, na hapa pana mgeni mweusi mwenye ushungi anawafyatulia kuku katikati ya mchana. Nikashika chaki haraka. Nilichora puto. Nikachora puto jingine, na jingine, na mtoto anayecheka kando yake. Liang akakodoa macho, kisha akapiga paja. Kwenye bustani ya kando ya mto kulikuwa na mama mmoja aliyetundika maputo kwenye ubao, na watu walimlipa wayapasue kwa bunduki ya upepo. Mlango ukapandishwa, wali ukaliwa, na tangu siku hiyo karakana nzima iliamini kwamba mimi ni mwenye sarakasi.

Sasa nieleze kifaa chenyewe, kwa faida ya yeyote atakayeletewa oda ya namna hii. Mnyama anakatwa kwenye bamba jembamba, ukubwa wa sahani ya kulia, kingo zinasuguliwa mpaka zisikwaruze kidole. Chini ya miguu yake unachomelea kipande kifupi cha bomba, na bomba hilo linazunguka juu ya nondo iliyolala. Mnyama anasimama akiegemea mbele kidogo sana kwenye kizuizi. Akigongwa, anavuka wima, anaangukia nyuma. Kamba moja inawainua wote. Mbele ya bawaba hiyo unaweka mkanda wa chuma ulioinamia chini, ili kirisasi kitakachopotea kirukie ardhini, kisirudi kwa aliyekituma. Na kitu chochote chenye kichwa, iwe msumari au nati, kikae upande wa nyuma. Upande unaotazama bunduki uwe mtupu na laini.

Siri yote iko kwenye kule kuegemea. Akiegemea sana haanguki kamwe. Akisimama wima mno anaangushwa na mtu akipiga chafya. Na hapo ndipo mimi na Liang tulipoanza kugombana, kwa adabu.

Seti ya kwanza niliisukuma kwa kidole, haikwenda. Nikaisukuma kwa kiganja. Nikaipiga kwa tepe. Kuku alikuwa amesimama kama mlango wa benki. Nilipochungulia chini nikaona Liang ameongeza kwa hiari yake miguu mipana na kigingi cha kuzuia. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba ninataka waanguke. Akaitika kwa uchungu, kama daktari anayesikilizishwa ujinga wa mgonjwa. Kesho yake nikakuta kigingi kimetolewa na mahali pake pamewekwa springi ya kumrudisha mnyama kabla hajaanguka.

"Imekuwa imara zaidi," alisema Liang.

Mwelewe bwana huyu. Maisha yake yote ya kazi watu walikuwa wakimrudishia vitu vilivyoanguka. Dirisha likianguka ni aibu, meza ikianguka ni aibu. Leo anakuja mwanamke anayetaka kitu kianguke, tena kianguke kila mara, na kwa kuguswa kidogo. Mikono yake ilikataa. Mchana alinikubalia, na nikishaondoka heshima yake ilimrudia, akaimarisha.

Nikaona maneno yamekwisha. Tukambeba nguruwe mmoja kwenye baiskeli ya magurudumu matatu mpaka kwa mama wa maputo. Mama yule alimkagua nguruwe, akatukagua sisi, akasema "buxing," yaani haiwezekani. Ubao wake ulikuwa wa maputo. Liang akamweleza jambo refu ambalo mpaka leo sijui lilikuwa nini. Nilisikia neno Afrika mara kadhaa. Mama akatoa maputo ya mstari wa chini, nguruwe akasimamishwa.

Liang mwenyewe ndiye aliyepiga. Kirisasi kikalia tang, nguruwe akabaki. Akapiga tena, tang. Watu wakaanza kusimama. Babu mmoja aliyekuwa na ndege katika tundu alicheka, akasema kitu, na umati wote ukacheka naye. Liang akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatoa tupa mfukoni, akapiga magoti mbele ya umati, akasugua kizuizi, akajaribu kwa pumzi, akasugua tena. Kisha akarudi, akalenga, na nguruwe akaenda chali.

Umati ukapiga makofi. Nilimtazama Liang usoni nikaona kitu kipya kimemwingia: alikuwa amegundua kwamba kuanguka nako ni kazi ya ufundi. Babu wa ndege akaomba naye ajaribu, akafuatwa na wengine, na mama wa maputo alitaka tumwachie nguruwe yule moja kwa moja.

Baada ya siku ile sikuwa na la kumwelekeza. Alitengeneza seti zote kwa tupa na pumzi. Kuku walikuwa wazuri, kondoo walikuwa wazuri, batamzinga alionekana kama mtu aliyevaa koti kubwa, maana Liang hakuwahi kumwona. Lakini nguruwe ndio aliowapenda. Kwao ni mnyama wa baraka na shibe, na alimpa kila mmoja tumbo la mviringo, mkia uliojisokota, na tabasamu alilolichonga kwa ncha ya grenda. Nilipokwenda kuchukua mzigo nikakuta ameniongezea nguruwe wengine watatu wa bure, wamefungwa utepe mwekundu. Ilikuwa zawadi kwangu mimi, alisema, kwa kuwa wateja wengine huacha oda na kukimbia, lakini mimi nilikaa nikatazama kazi.

Nilishika zawadi yangu kwa mikono miwili, nikamshukuru. Mtu akikupa kitu kizuri alichokitengeneza kwa moyo, huanzi kumsomea dini.

Vyuma vikapelekwa ghalani. Sasa, wapakiaji wetu walikuwa watu wenye bidii kupita kiasi, na hilo mlijue, kwa sababu uvivu unaonekana mapema lakini bidii inakuja na mshangao. Waliona vyuma vinagongana ndani ya maboksi na kupiga kelele. Wakatafuta kitu laini cha kuweka katikati. Pembeni palikuwa na robota la vitambaa vinene vizuri, vyenye manyoya mafupi, vyote vya ukubwa mmoja. Wakalifungua, wakamlaza kila nguruwe juu ya kitambaa chake, wakamfunika na kingine.

Ilikuwa miswala ya Bi Zaituni.

Bi Zaituni alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mama mpana wa sauti laini, aliyeaminiwa na nusu ya maduka ya kwao kwa nguo za Ramadhani. Alikuja siku ya kupakia kuhakikisha marobota yake, akaliona moja limelegea. Akafuata nyuzi zilizodondoka sakafuni mpaka kwenye boksi, akafunua. Juu ya picha ya msikiti, nguruwe wa Liang alikuwa amelala anatabasamu.

"Staghfirullahi," alisema Bi Zaituni, taratibu kabisa. Afadhali angepiga kelele.

Habari ilienea ghalani kabla sijafika mlangoni. Kila mwenye mzigo akawa sheikh. Bwana Athumani, muuza redio kutoka Dar, alisema chuma ni chuma, hakina najisi hata ukikipa sura ya nani. Mwingine akasema sura nayo ina neno. Wa tatu akauliza kama wale wa utepe mwekundu wana hukumu yao peke yao. Bi Zaituni alisubiri wote wamalize.

"Mie sikatai kwamba ni chuma," alisema. "Miswala ile nitaitoa, nitaifua mwenyewe, basi. Lakini watu wana midomo, Saumu. Mtu mmoja akifika Unguja akasema miswala ya Zaituni imesafiri na nguruwe, nani atasujudu juu yake? Hata iliyo ndani ya robota zima zima hatainunua mtu. Wakishuka hao, mie napakia. Wasiposhuka, mie nashuka."

Akamwambia mchukuzi aanze kutoa marobota yake. Athumani, aliyekuwa akitetea chuma kwa hoja nzito, akamtazama, akaanza kutoa redio zake taratibu. Hoja zilikuwa zake, lakini wateja wenye midomo walikuwa wa kila mtu. Nyuma yake wakafuata wengine. Gari la kuchukua kontena lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi, na mbele ya macho yangu kontena lilikuwa linazidi kuwa chumba kitupu chenye mwangwi.

Kuwashusha nguruwe kungekuwa rahisi, lakini mzigo wa Mwalimu Wanjohi ulikwishapokelewa kwa jina la Hemedi, na seti isiyo na nguruwe kwake si seti. Kinyongo chake nacho kilikuwa kinyongo. Nilijiona nimeshika begi kwa kaka yangu, wifi ananionyesha kabati la sukari. Nilitamani kulia, na ningelia kama ingekuwapo sehemu ya kujificha.

Nikamtazama nguruwe tena. Mwili mnene, miguu mifupi, kichwa kilichoinama.

"Bi Zaituni," nikamwambia, "akiwa faru je?"

Alinigeukia. "Faru ana neno gani?"

"Hana neno lolote. Sijasikia mtu aliyekataa mswala kwa sababu ya faru."

Athumani akasimama na redio yake kifuani. Bi Zaituni akamzunguka nguruwe, akampima kwa jicho. "Akiwa faru kweli," akasema, "faru anayejulikana hata na mtoto, mie narudisha marobota yangu. Lakini nimwone kwa macho yangu, leo hii."

Nikawapakia nguruwe wote kwenye baiskeli ya magurudumu matatu mpaka kwa Liang.

Hili ndilo lililoniuma katika kazi yote ile. Alinipokea akicheka, akidhani nimekuja kuongeza oda. Nilichukua chaki, nikachora nguruwe wake, nikamfuta mkia kwa kisigino, nikampa pembe puani. Liang alichuchumaa karibu na mchoro.

"Wameharibika?" aliuliza.

"Hawajaharibika. Wazuri sana. Watu wetu hawali nguruwe."

"Huyu ni wa chuma," alisema Liang. "Nani anamla?"

Nikaipitia tena pembe kwa chaki. Mkewe alisema neno moja kutoka ndani, kwa upole. Liang akawasha grenda. Alikata mikia, mmoja baada ya mwingine, ikaanguka sakafuni kama maganda ya kamba wa baharini. Alipofika kwenye tabasamu alisimama kidogo, kisha akalisawazisha. Pembe alizikata kwenye mabaki ya fremu ya dirisha, akazichomelea juu ya pua. Uzito wa pembe ukavuta kichwa upande mmoja, bawaba zikakwama, na wanyama wakaacha kuanguka. Ikabidi apunguze pua na kuongeza chuma nyuma, huku akijaribu kila mmoja kwa pumzi. Alifanya kazi ile kwa uangalifu uleule, na mimi nikasimama pale nikiona aibu kwa ajili ya watu ambao hawakuwapo.

Mmoja wa wale wa utepe mwekundu Liang alikataa kumgusa. Alimning'iniza juu ya mlango wa karakana. Nikamwambia hapo amepata mahali pazuri, naye akaitikia kwa kichwa.

Bi Zaituni aliwakagua faru kabla jua halijazama. Alimuuliza mlinzi wa ghala, Mchina asiyejua kisa chochote, kile ni kitu gani, na mlinzi akaweka kidole puani akatengeneza pembe. Marobota yakarudi, redio zikarudi. Kontena likafungwa, na asubuhi gari likaondoka nalo.

Bwana Hemedi aliporudi kutoka harusini alikwishasikia kisa kutoka kwa watu tofauti, na katika kila simulizi nguruwe walikuwa wameongezeka. Hakunigombeza wala hakunisifu. Alisema tusubiri mzigo ufike na watu waseme. Nilisubiri miezi kadhaa nikikagua mabomba ya watu kwa sumaku, kila mlio wa mashine ya faksi ukinikata maini.

Siku niliyokuwa nikiisubiri na kuiogopa ilikuja ofisini kwa Hemedi, juu ya duka la taa. Bi Zaituni alikuwa amekaa kwenye kochi. Miswala yake ilikwisha kabla mwezi haujaandama, na sasa alitaka mingine. Nilianza kupumua. Ndipo Mwalimu Wanjohi alipoingia, amebeba begi la viatu, kicheko kimejaa mlango mzima.

"Mama Saumu, hizo vitu ni moto," alisema. "Zinaanguka poa kabisa. Hakuna kutembea tena. Watu wanatoka mpaka Thika kuja kupiga."

"Na wale faru?" nilimuuliza, kwa sauti ndogo.

"Ah, hao." Akaweka begi chini. "Mama, hapo ulitupea shida. Siku ya kufungua tulikuwa tumealika mgeni rasmi, mtu wa shirika la wanyamapori. Sasa utasimamisha faru mbele ya bunduki, na huyo mtu ameketi hapo mbele na soda yake? Tungefungwa sote. Ikabidi tuchukue msumeno asubuhi hiyo, tukate pembe zote."

Bi Zaituni aligeuka kwenye kochi.

"Sasa wamekuwa nguruwe sawasawa," alisema Mwalimu. "Hata kanuni imetimia. Nataka seti ingine kama hiyo."

Niliangalia sakafu. Kofia nyeupe ya Hemedi haikutikisika. Aliyeuliza ni Bi Zaituni, na sauti yake ilikuwa laini kama siku ile.

"Pembe mlizikatia wapi, Mwalimu?"

"Nairobi, mama. Uwanjani kwetu."

"Baada ya kontena kufunguliwa Mombasa?"

"Baada, ndiyo. Kitambo."

Bi Zaituni akavuta buibui lake vizuri. "Basi miswala yangu ilisafiri na faru," alisema. "Ya Nairobi ni ya Nairobi."

Hemedi akakohoa. Alichukua kalamu, akaigeuzageuza, akamtazama Mwalimu, akamtazama Bi Zaituni, mwisho akanitazama mimi.

"Hii seti ya pili," alisema polepole, "ingefaa pembe iwe ya kufungwa na kufunguliwa kwa skrubu."

"Mbili," nilisema, kabla sijajizuia. "Skrubu moja itazunguka ikigongwa, pembe itaangalia chini. Na vichwa vya skrubu viwe nyuma, visitazame bunduki."

Hemedi alivuta droo ya meza yake, akatoa ufunguo wa ghala, akausukuma juu ya meza mpaka ukanifikia.

"Kamwambie Liang," alisema.